Violeti ya Usambara nyumbani Muheza: shajara kuanzia jani moja

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuotesha violeti ya Usambara katika nyumba ya kawaida, bila banda la kitaalamu na bila taa za umeme. Mimi niko Muheza mjini, chini ya milima yenyewe. Ua hili ni la kwetu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona likiota kwenye mawe ya chokaa karibu na mji, kisha msituni Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu hapo limekaa madirishani mwa watu dunia nzima, na hapa Muheza nyumba zenye ua hili nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo ndilo lililonisukuma.

Nitaandika zaidi yaliyoharibika. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka.

10 Februari 2024. Kununua

Nimenunua miche miwili kwenye kitalu cha maua Tanga mjini, shilingi 7,000 kila mmoja, nauli kwenda na kurudi 6,000. Mmoja una maua ya zambarau, mwingine meupe. Hii si mimea ya mwituni. Ni uzao uliochanganywa na wakulima wa maua Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, halafu ukarudi nyumbani ukiwa kwenye kopo la plastiki. Ya mwituni sikuitafuta na sitaitafuta: ile hukaa sehemu chache mno, na kung'oa mmea katika Hifadhi ya Amani bila kibali ni kosa.

Nimeihamishia kwenye vyungu viwili vya mapambo vilivyopakwa rangi, 5,000 kila kimoja, kwa udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na samadi. Nimeiweka sebuleni.

2 Machi 2024. Mmoja umekufa

Ule wa maua meupe umekufa, na nimeuua mwenyewe kwa kuupenda.

Nilikuwa nikimwagilia kila asubuhi kama ninavyomwagilia mchicha. Siku ya kumi na mbili majani yakalegea, nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Kesho yake yamelegea zaidi, nikaongeza tena. Leo nimeuvuta kidogo tu ukang'oka wote mkononi. Mizizi imekuwa ya kahawia, laini kama ugali uliolala, na inanuka. Kile chungu cha mapambo hakina tundu chini. Maji yote ya wiki tatu yalikuwa bado mle.

Jambo nililolipata kwa gharama ya mche huu: mmea huu hulegea kwa kiu na hulegea kwa kuzama, na kwa macho hali hizo mbili zinafanana kabisa. Kidole ndicho kinachotofautisha. Udongo ukiwa mkavu na majani yamelegea, mpe maji. Udongo ukiwa mbichi na majani yamelegea, mizizi imeshaoza, na kila tone unaloongeza linamalizia kazi.

Nimekata majani matano ya nje ambayo bado yalikuwa magumu. Ule wa zambarau nimeutoa haraka kwenye chungu chake cha mapambo nikaurudisha kwenye kopo lake la kwanza lenye matundu.

9 Machi 2024. Majani matano, jaribio la kwanza

Violeti hii huzaa kwa jani. Unalikata pamoja na kikonyo chake, unakichomeka kikonyo, na baada ya wiki kadhaa miche midogo hutoka pale kilipokatwa. Niliacha vikonyo virefu, karibu sentimita 8, nikavichomeka katika udongo uleule wa shambani.

23 Machi 2024

Yote matano yameoza. Masika yameanza, hewa imejaa unyevu, udongo haukauki. Ua jeupe limeniishia kabisa. Limebaki la zambarau.

24 Machi 2024. Zigi

Jana usiku niliona nikiendelea kubahatisha nitaumaliza na huu uliobaki. Leo nimepanda bodaboda hadi Zigi, kwenye lango la Hifadhi ya Amani, nikalipa kiingilio, nikapewa mwongozaji, mzee wa makamo ya babu yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa vipepeo au kwa ndege?"

Nikamwambia nimekuja kuona violeti inakaaje. Akacheka kwa furaha, akasema wageni huiulizia sana lakini mtu wa Muheza ni mara chache.

Tulifuata njia ya karibu na mto. Kwenye mwamba mkubwa uliosimama kama ukuta, upande usiopigwa na jua, zilikuwepo: majani ya kijani kibichi yenye manyoya, maua madogo ya samawati iliyofifia, machache kuliko yale ya dukani na yenye petali nyembamba. Nilikaa hapo karibu saa nzima. Hakukuwa na udongo wa kusema udongo. Kulikuwa na kuvumwani, majani yaliyooza yakageuka vumbi jeusi, na mizizi imejishikiza katika ufa ambao hata kidole changu kidogo hakiingii. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mwamba ulikuwa bado unatiririka, lakini nilipogusa shina la mmea halikuwa limekaa majini.

Babu akasema, "Huyu hupanda jiwe. Maji yanampitia, hayamkalii."

Nimeiandika sentensi hiyo ukutani juu ya meza yangu ya miche. Yote niliyofanya baadaye yametokana nayo. Sikuchuma kitu, wala jani lililoanguka.

6 Aprili 2024. Mchanganyiko mpya, na chumvi ya makumbi

Nilitafuta kitu kinachoshika unyevu kidogo na kuachia maji upesi. Hapa kwetu jibu ni makumbi ya nazi. Muuza nazi sokoni alinipa gunia zima bure. Niliyatwanga, nikayachekecha, nikachanganya vipimo viwili vya vumbi la makumbi, kimoja cha chenga za mkaa (500 kwa mama muuza mkaa) na kimoja cha mchanga mnene wa mtoni, ule unaobaki juu ya chekeche la chai.

Nikapanda majani manne kutoka kwenye mmea wa zambarau. Baada ya siku chache kingo za majani zilikuwa zimeungua kama zimepitishiwa moto. Sikuelewa, kwa kuwa maji yalikuwa yanapita vizuri. Nikachukua konzi ya makumbi, nikailoweka usiku, asubuhi nikaonja yale maji. Chumvi! Minazi yetu ya pwani, na makumbi mengine huloekwa kabisa kwenye maji ya bahari kabla ya kusokotwa kamba.

Dawa yake: loweka usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu kwa maji ya mvua. Mara ya kwanza maji hutoka rangi ya chai ya rangi, mara ya tatu yanakuwa mepesi na hayana ladha. Usipande kabla ya hapo.

15 Aprili 2024. Majani tisa

Nimekata majani tisa. Mmea mama umebaki na manane, umekonda, lakini nimeona bora niuhatarishe kuliko kuanza upya na majani mawili. Safari hii:

Nimechagua majani ya safu ya kati. Ya nje kabisa ni mazee na huchelewa, ya katikati ni machanga na mmea unayahitaji. Vikonyo nimekata kwa wembe mpya, kwa mshazari, urefu wa sentimita 3. Nimeacha mahali pa kukatwa pakauke nusu saa. Nimechomeka sentimita moja na nusu tu, kwenye vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini kwa msumari wa moto, nikavifunika kwa mfuko mwangavu.

27 Aprili 2024

Kuvu mweupe kwenye vikombe viwili. Mfuko wakati wa masika ni kuzidisha, hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Nimetupa majani mawili yaliyoshikwa, nimeondoa mfuko mchana na kuurudisha usiku kwa wiki moja, kisha nimeuacha kabisa. Saba yaliyobaki yamesimama. Ukilivuta jani taratibu linakataa kutoka, maana yake limeota mizizi.

8 Juni 2024. Watoto

Wiki ya nane. Chini ya jani la kikombe cha tatu kumetokea masikio mawili ya kijani, kila moja dogo kuliko punje ya mpunga. Mama yangu, ambaye tangu Machi alikuwa akiniuliza kwa nini nafuga majani, aliinama akatazama, akasema, "Kumbe jani nalo hubeba mimba." Kufikia mwisho wa mwezi majani yote saba yalikuwa na watoto, jumla 16.

13 Julai 2024. Kutenganisha, na haraka yangu

Hapa nimepoteza miche mitano bila sababu yoyote isipokuwa papara. Nilitenganisha yote 16 siku moja. Iliyokuwa na majani ya upana wa sarafu ya shilingi mia mbili ilishika bila tatizo. Ile midogo, yenye majani mawili tu, ilikauka ndani ya wiki kwa sababu bado ilikuwa inakula kutoka kwa jani la mama. Ningengoja wiki tatu nyingine ningekuwa nayo yote.

Imebaki 11, kila mmoja kwenye chungu kidogo cha udongo chenye tundu, 700 kila kimoja. Vyungu viwe vidogo kuliko unavyofikiri. Kwangu kipimo ni theluthi ya upana wa mmea wenyewe. Chungu kikubwa hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza, na hapo tunarudi kwenye kifo cha Machi.

Agosti 2024. Mwezi wa maji

Mambo matatu yametokea mwezi huu, yote ya maji.

La kwanza, mtoto wangu alinisaidia kumwagilia siku ya joto akatumia maji ya friji. Alifanya kwa huruma, akaona mimea nayo ina joto. Siku mbili baadaye majani yakatoka mabaka ya njano yenye umbo la matone na michirizi. Mabaka hayo hayaponi, unangoja majani mapya. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumba, na yasiguse majani. Nimemwonyesha namna ya kumwaga pembeni, sasa ndiye mwenye zamu ya Jumamosi.

La pili, maji ya kisima chetu yana chumvi na chokaa. Yaliacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa vyungu, na kila kikonyo cha jani kilichoegemea ukingo huo kilinyauka pale pale kilipogusa. Nilisugua vyungu kwa brashi, nikayeyusha mshumaa na kuchovya midomo yake kwenye nta. Tangu hapo hakuna kikonyo kilichonyauka. Na nimeanza kukinga maji ya mvua kwenye pipa.

La tatu ni utambi. Nasafiri mara kwa mara na sikutaka kurudi nikute mimea imekufa kwa kiu au kwa huruma ya watu. Njia ni kupitisha utambi kwenye tundu la chungu, ncha moja ndani ya mchanganyiko, nyingine ndani ya kopo la maji lililo chini, na mmea hujinywea wenyewe. Nilianza na utambi wa pamba wa jiko la mchina. Ulivuta vizuri wiki tano kisha ukaoza, na miche mitatu ikalegea nikiwa Korogwe msibani. Nimebadilisha kwa kamba laini ya nailoni iliyofumuliwa nyuzi (1,000 kwa bunda ambalo litanitosha maisha). Nailoni haiozi. Angalizo moja: ukitumia utambi, ongeza chenga za mkaa, vipimo viwili badala ya kimoja, la sivyo mchanganyiko unabaki umelowa muda wote.

21 Septemba 2024. Vidung'ata

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ya miche miwili. Ni vidung'ata, jamaa wa wale wa muhogo. Vililetwa na ua jingine la sufuria nililopewa zawadi na kuliweka meza moja bila kulikagua.

Nimevigusa kimoja kimoja kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti (1,500), kila baada ya siku nne, mara nne. Mche mmoja umepona. Wa pili nilipouchungulia mizizi nilikuta vimeshafika chini, nikautoa nyumbani na kuuchoma. Iliuma, lakini kumi iliyobaki ilikuwa salama. Sasa ua lolote geni linakaa jikoni peke yake wiki nne kabla ya kukaribishwa mezani.

2 Novemba 2024. Majani mazuri, maua hakuna

Mimea ni mikubwa, imejaa, na haina hata chipukizi moja la ua. Nimekosea mara mbili kwa pamoja.

Kosa la mbolea: nilikuwa natumia chembe za urea iliyobaki kutoka shamba la mahindi. Nitrojeni hukuza majani, na majani ndiyo niliyopata. Nimenunua kilo ya NPK, mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, yenye uwiano sawa, 2,500. Robo ya kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, naloweka usiku, nachuja kwa kitambaa, natumia kila baada ya wiki mbili. Kila mwezi mara moja napitisha maji matupu ya mvua mengi kutoka juu ili kusafisha chumvi za mbolea.

Kosa la mwanga: kwa kuwa niliiona mwituni kivulini, nilidhani inapenda giza. Kivuli cha msituni chini ya anga wazi bado ni mwanga mwingi kuliko kona ya sebule. Mimea iliyo mbali na dirisha ilikuwa imerefusha vikonyo na kuinua majani juu kama mikono inayoomba. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema haioni. Nimeisogeza yote dirisha la mashariki. Jua la asubuhi lilianza kuunguza majani baada ya saa tatu, nikatundika kipande cha chandarua cha zamani, tabaka mbili. Sasa majani yamelala chini, yamejipanga duara.

19 Desemba 2024. Ua

Asubuhi ya leo, mche wa kikombe cha tatu, ule wa masikio ya kwanza. Ua moja, zambarau, na vile vifuko viwili vya njano katikati. Miezi minane tangu nichomeke jani. Nimemwita mama, nimemwita mtoto, tumesimama wote watatu dirishani kabla ya chai.

Februari 2025. Kaskazi

Mimea sita imechanua. Joto la mchana limefika pabaya na vichipukizi vikaanza kukauka kabla ya kufunguka. Nimeweka vyungu juu ya sinia la kokoto lenye maji chini ya kokoto, chungu kisiguse maji, na saa za mchana nashusha sinia lote sakafuni penye saruji baridi. Vichipukizi vimeacha kukauka. Wanaosema ua hili haliwezi joto la pwani wakumbuke kwamba yule Baron aliliona kwanza karibu na Tanga, chini kabisa. Linahitaji joto hilo lije na kivuli na unyevu.

Gharama hadi leo: miche na nauli ya Tanga 20,000, vyungu vya mapambo 10,000, vyungu vidogo 7,700, mkaa 500, nailoni 1,000, spiriti 1,500, mbolea 2,500. Jumla 43,200, bila safari ya Zigi. Ukiondoa vyungu vya mapambo, ambavyo usivinunue, ni 33,200 kwa mimea kumi na mama yake.

22 Machi 2025. Shingo la mama

Mmea mama umetimiza mwaka nyumbani. Majani ya chini yamekuwa yakidondoka, na shina limebaki wazi kama shingo la kuku, sentimita 3. Nimelikwangua taratibu kwa kisu, nimekata sehemu ya chini ya bonge la mizizi kwa kiasi kilekile, nikaushusha kwenye chungu kilekile hadi majani yakagusa ukingo, kisha nikajaza mchanganyiko. Umelegea siku sita, ya saba ukasimama.

10 Mei 2025. Mbegu

Miche ya jani ni mmea uleule mmoja tena na tena. Ili nipate kitu kipya nahitaji mbegu, na ukitazama ua kwa makini utaona kijiti kinachopokea chavua hakikusimama katikati, kimepinda upande mmoja. Maua mengine kimepinda kushoto, mengine kulia. Nyuki anayetua upande mmoja huchukua chavua ambayo itafika kwenye kijiti cha ua lililopinda upande wa pili. Ndani ya nyumba hakuna nyuki wa kazi hiyo, kwa hiyo mwezi Machi nilipasua kifuko cha njano kwa ncha ya wembe, nikakung'uta vumbi lake kwenye ukucha, nikagusisha kwenye vijiti vya maua sita.

Matano yamenyauka. La sita limevimba, lina tunda la kijani lenye manyoya, refu kidogo kuliko punje ya mchele. Nimelifunga uzi mwekundu ili asilikate mtu akidhani ni ua lililokufa. Huchukua miezi mingi kukauka, na mbegu zake ni vumbi, kwa hiyo nimeshaandaa bahasha ya karatasi nyeupe.

Miche itakayotoka itabaki dirishani. Sitapeleka hata mmoja kupandwa karibu na msitu, hata nikiombwa, kwa sababu damu yake iliyochanganyika haifai kuingia kwa wale wa kwenye mwamba.

28 Juni 2025

Tunda bado la kijani. Nimekata majani manne ya mama nikayafunga kwenye pamba mbichi na mfuko. Mawili ni ya jirani. Mawili nayapeleka Zigi kesho kumwonyesha babu, kisha narudi nayo, kama nilivyoahidi hapo juu.